Mizunguko Kumi na Mitano

Ayikoru alifika kwetu Midia siku tuliyomzika kaka yangu Taban, amebeba kikapu kilichofunikwa kwa kitenge. Nilidhani ameleta unga wa matanga kama wanawake wengine. Tulikuwa hatujaonana tangu yeye akiwa msichana wa miaka kumi na miwili na mimi wa kumi na minane, lakini nilimtambua kwa lile paji la uso, paji la mama yake, kabla sijampa mkono. Aliketi mkekani, akafunua kitenge, akatoa kifaru cha vita cha plastiki, kirefu kidogo kuliko kiganja, rangi yake ya kijani imefifia hadi kukaribia majivu, akakiweka chini kati ya sufuria ya maharage na birika la chai. Wajukuu walisogea wakitaka kukichezea. Niliwafukuza kwa ukali hata wanawake wakageuka kunitazama, wakadhani ni uchungu wa msiba. Kifaru kile nilikiunda mimi, kwa mikono hii hii, kipande kwa kipande, mwaka tuliorudi kutoka Kongo, na kwa sababu yake kaka yangu aliishi maisha yake yote yaliyobaki na jicho moja na taya lililokaa upande.

Ukoo wetu nitauacha. Anayetaka kujua tumetoka wapi na aulize kwenye kambi za jeshi. Ninachotaka kusimulia ni mwaka mmoja tu, na nyumba moja ya vyumba viwili yenye paa la nyasi, ambamo mimi na Taban tuliishi peke yetu tukilima mihogo na simsim, yaani ufuta, karibu na mpaka. Alikuwa amenizidi miaka kumi na miwili. Alikuwa mpigaji, na sitamsafisha kwa kuwa amekufa. Alinipiga kwa chumvi iliyozidi, kwa maji yaliyochelewa, kwa kuku aliyeingia jikoni, na kila alipomaliza, mkono wake wa kulia ulitetemeka hata akalazimika kuuweka chini ya paja na kuukalia mpaka utulie. Mkono ule ulirudi hivyo kutoka vitani. Jeshini Taban alikuwa mpiga mzinga ndani ya kifaru. Walikuwa watatu humo: yeye kwenye mzinga, Kasim aliyekuwa akipakia makombora, na dereva wao Drani, kijana wa Onduparaka pale Arua. Vita vilipotugeukia, kifaru chao kilipigwa barabarani kikashika moto. Wawili walitoka. Drani hakutoka. Hayo tu ndiyo yaliyojulikana, na yalitosha kwa ndugu zake kutaka kutuua.

Wadogo zake Drani walikuja mwezi wa kupanda, mchana kweupe, wawili juu ya baiskeli moja. Nilikuwa namenya mihogo mlangoni. Hawakubisha hodi. Mkubwa wao alimkata mbwa wetu shingoni kwa panga bila hata kumtazama, na yule mwingine akanichapa mgongoni kwa ubapa wa panga lake nikaanguka juu ya mihogo. Walimburuta Taban kwa miguu kutoka ndani, wakampigiza kichwa kwenye jiwe la kusagia, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, na kila mara walimuuliza swali lile lile: "Watu wawili natoka, moja nabaki. Kwa nini?" Taban, ambaye hakuwahi kuona aibu kuniinulia mimi mkono, siku ile hakuinua hata kidole. Alisema Drani alipigwa risasi akafa palepale. Hawakumwamini, maana aliyasema kama mtoto anayesoma ubaoni. Majirani walipokuja na mikuki, wale vijana waliondoka, lakini mkubwa wao alisimama njiani akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba watarudi kuchukua mtu, na wasipompata mwanamume watachukua mwanamke. Alikuwa ananitazama mimi. Tangu siku ile hata chooni nilikwenda na panga.

Wazee wa pande mbili waliingilia kati. Walikubaliana kwamba simsim ikishavunwa Taban ataenda Onduparaka, nyumbani kwa mama yake Drani, aketi mbele ya watu na kueleza jinsi kijana wao alivyokufa. Akieleza wakaridhika, mambo yameisha. Wasiporidhika, wazee walisema, wao watakuwa wamenawa mikono. Kwa hiyo tulikuwa na miezi ya kuishi kwa hakika, kisha hatukujua.

Siku hizo nilikuwa nadandia lori la wachuuzi mara moja kwa wiki kwenda soko la Inde, kuuza mitumba pamoja na Mama Furaha, mfanyabiashara kutoka Kongo, mlokole mwenye kicheko kikubwa na mkono mwepesi wa kuchapa wezi. Asubuhi moja tulifungua robota la nguo za watoto, na katikati yake, limebanwa na masweta, kulikuwa na boksi lenye picha ya kifaru kinachotema moto. Ndani vipande vya plastiki vilikuwa bado vimeshikana kwenye fremu zake, pamoja na karatasi ya michoro na tyubu ya gundi iliyokauka kama jiwe. Mama Furaha aliligeuza boksi huku na huku, akauliza ni mutu gani mwenye akili anayemtumia mutoto zawadi ya vita, akanirushia nikawashie moto. Mimi nikalipeleka nyumbani. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini, na jibu halinipendezi. Nilitaka kumwona Taban akiumia bila mimi kumgusa.

Hakuumia, au hakuonyesha. Alikaa na lile boksi mapajani hadi chai yake ikapoa. Alisema si kifaru chao hasa, ni ndugu yake, lakini kichwa ni kile kile na kifuniko cha dereva kiko palepale. Kichwa ndivyo alivyoiita ile sehemu ya juu inayozunguka pamoja na mzinga. Akanionyesha kwenye picha: mzinga ukigeuzwa kidogo kushoto unalala juu ya kifuniko cha dereva, na dereva hawezi kukifungua hata awe na nguvu za ng'ombe. Ndicho kilichompata Drani, alisema. Kombora lilipowapiga, umeme ulikufa na kichwa kikakwama vile vile, mzinga juu ya kifuniko. Risasi hapakuwa na risasi. Alikuwa amewadanganya kwa woga, na sasa hakuna atakayemwamini akisema kweli. "Mdomo yangu hawasikii," aliniambia. "Hii watasikia na macho. Mkono yangu imekufa, yako iko mzuri. Wewe tafanya." Basi nikapewa kazi ya kuokoa roho mbili, mimi ambaye sanaa yangu yote ilikuwa kufuma vitambaa vya meza.

Nilifanya kazi ile chumba cha mbele, mezani karibu na dirisha, alasiri nikitoka shambani. Nilikata vipande kwenye fremu kwa wembe, nikalainisha makovu yake kwa majani ya msasa yaliyoota ng'ambo ya kijito, yale yale tuliyosugulia mipini ya majembe. Gundi tuliitengeneza wenyewe. Fundi mmoja wa kupaka rangi magari mjini Koboko alinipa tina kidogo, ile dawa ya kuyeyushia rangi, kwenye chupa ya dawa ya kikohozi. Nikakatakata mabaki ya fremu nikayatia humo, na kesho yake plastiki ilikuwa imeyeyuka ikawa uji mzito. Uji ule ukiupaka kati ya vipande viwili hauvishiki tu, unavila vyote kidogo na kuvifanya kitu kimoja. Ukikosea, umekosea. Minyororo ya magurudumu ilikuwa ya mpira laini, nikaunga ncha zake kwa msumari uliopashwa moto kwenye sigiri, na harufu yake ilikaa kwenye ugali wetu wa muhogo siku mbili nzima. Taban hakutaka hata kuiona karatasi ya michoro. Aliketi kando yangu, akafumba macho, akanielekeza kwa kumbukumbu ya mwili wake: goti la dereva linafika hapa, kiwiko cha mpiga mzinga kinagusa pale. Alitaka hata vitu vya ndani, ambavyo hakuna ambaye angeviona. Kwa bati la mkebe na nyaya nilimtengenezea kiti cha dereva, vishikio viwili vya kuendeshea, rafu ya makombora, na kiti chake mwenyewe. Nilimuuliza kama kuna kingine cha kuweka karibu na kiti chake. Alisema hakuna. Nilipokosea alinizaba kofi la kisogoni, kisha akaendelea kueleza kwa upole ambao sikuwahi kuusikia kwake, kana kwamba mkono na mdomo vilikuwa vya watu wawili.

Kwenye boksi kulikuwa pia na mtu mmoja, dereva, kichwa na mabega tu, wa kuchomoza kwenye kifuniko cha mbele. Nilimsugua vizuri, nikampaka uso rangi ya kahawia, na Taban aliporudi kutoka shambani nikamuuliza: huyu Drani nimgandishe sasa au mwisho? Alimtazama. Akamwinua kwa vidole viwili akamtupa kwenye sigiri. Plastiki haifi haraka. Ilijikunja, ikachemka, ikatoa moshi mweusi uliojaza chumba, na yeye alibaki ameinama juu yake akiuvuta puani hadi akatapika. Nilikimbilia nje. Akanifuata na kijiti cha kuni, akanipiga begani na mbavuni, huku akisema nisimtaje jina, nisimtaje jina. Siku tatu sikuweza kuinua jembe. Nilimchukia, nasema wazi, nilimchukia kwa chuki iliyotulia, na kila usiku nilimwombea kifo kwa maneno yale yale ya sala niliyofundishwa na mama. Lakini nilirudi mezani. Wale vijana wa baiskeli hawangeuliza nani alimpiga nani nyumbani kwetu.

Kasim alikuja mvua zilipokuwa zimekolea. Siku hizo alikuwa fundi cherehani Koboko, mtu mwembamba anayecheka bila sababu. Niliwapikia majani ya kunde kwa simsim, nikawapelekea, nikarudi jikoni, na jiko letu lilitengwa na chumba cha mbele kwa ukuta wa mabua tu. Nilimsikia Kasim akikisifu kile kifaru, akitaja kila kitu cha ndani kwa jina, akicheka. Kisha akaacha kucheka.

"Umesahau gurudumu ya mkono," alisema.

Taban alijibu kwamba hakusahau.

"Taban. Umeme ilikufa, lakini gurudumu ilikuwa nafanya kazi. Unazungusha mara kumi na tano, mzinga natoka juu ya kifuniko. Sisi wote tulifundishwa."

Nilisikia kijiko kikiwekwa kwenye sahani.

"Nilizungusha nne," Taban alisema. "Moto ilikuwa imefika kwa miguu. Yeye alikuwa napiga chuma kule chini, naita jina yangu. Nilizungusha nne, nikatoka."

"Mimi nilitoka mbele yako," Kasim alisema. "Mimi sikuzungusha hata moja."

Baada ya hapo walikula. Niliwasikia wakitafuna, wakiomba maji, wakizungumzia bei ya nyuzi. Nilibaki jikoni nimeshika mwiko, nikiona moto ule ambao sikuwahi kuuona, na mtu chini yake akipiga chuma kwa ngumi. Nilielewa kwa nini gurudumu halikuwemo kwenye kifaru changu. Taban hakuwa ananitengenezesha ushahidi. Alikuwa ananitengenezesha nusu ya ushahidi, ile nusu inayomfaa.

Wiki ya mwisho niliuvunja mzinga. Niliugonga kwa kiwiko nikigeuka, ukakatika katikati kwa mlio mdogo kama wa kuvunja njiti. Taban alinifunga mikono kwa kamba ya mbuzi kwenye nguzo ya mlango akanipiga kwa waya wa umeme. Hakupiga kwa hasira safari hiyo, alipiga kwa woga, na mtu anayepiga kwa woga hajui pa kuishia. Jirani mmoja ndiye aliyenifungua. Kesho yake, na mgongo ukiwa umeshikana na gauni, nilitia kipande cha sindano ndani ya mzinga ule, nikaunga, nikaupaka rangi upya, na huwezi kuona palipovunjika hata leo. Taban aliukagua, akaridhika, akanipa agizo la mwisho. Nigeuze kichwa mzinga ulale juu ya kifuniko cha dereva, kisha nikigandishe na mwili kisizunguke tena. "Watu tachezea," alisema. "Mimi nataka ikae namna hii."

Akaenda shambani. Nilibaki na kile kichwa mkono mmoja na brashi yenye uji wa gundi mkono wa pili. Nilikuwa nimekisugua vizuri sana shingoni kwa msasa, nikakipaka mafuta ya kujipaka kidogo, kwa kupenda tu kazi yangu, na kilizunguka laini kabisa. Nikiambiwa leo kwamba nilichofanya nilifanya kwa ajili ya haki ya yule mama wa Onduparaka, nitakubali kwa sababu inanipamba, lakini si kweli. Nilijua vizuri kwamba kichwa kikizunguka mbele ya watu, wale vijana wangemrukia. Niliunyoosha mgongo wangu kwa shida, nikaitumbukiza brashi ndani ya chupa, nikaifunga chupa. Nilikipachika kichwa mahali pake kikavu, nikageuza mzinga hadi juu ya kifuniko, nikakifunga kifaru kwenye khanga. Jioni Taban aliuliza kama nimegandisha. Nikasema ndiyo.

Tulikwenda Onduparaka Jumapili. Upande wa pili wa barabara kulikuwa na mechi, na kelele za uwanjani zilikuja uani zikiruka kuta, mara watu wanaimba, mara wanamzomea mwamuzi. Ua wa Mama Drani ulikuwa umefagiliwa. Wazee walikaa kwenye viti, mama mwenyewe kwenye kigoda kifupi, na wale vijana wawili nyuma yake wakiwa wamevua mashati. Mapanga yalikuwa yameachwa langoni kwa amri ya wazee. Taban aliomba maji ya kunawa, akaenda nyuma ya ghala na furushi lake, Ayikoru, binti mdogo wa nyumba ile, akimfuata na maji, na alichelewa kidogo hata mzee mmoja akakohoa. Aliporudi hakukipeleka kifaru kwa wazee. Alikwenda moja kwa moja kwa mama, akapiga magoti, akakifungua, akakiweka mapajani mwake. "Mama, shika mwenyewe," alisema.

Alieleza vizuri. Aliwaonyesha mahali alipokaa yeye, mahali alipokaa Kasim, mahali alipokaa Drani. Kwa ncha ya msumari alijaribu kuinua kifuniko cha dereva, nacho kikagonga mzinga kikarudi. Akakiri kwamba ile habari ya risasi ilikuwa uongo. Wazee waliinama mmoja baada ya mwingine, wakajaribu ule msumari, wakatikisa vichwa. Mmoja wao alisema jambo limeonekana, mtu hawezi kulaumiwa kwa chuma. Nilimwona yule kijana mkubwa akishusha mabega. Nikaanza kupumua, na hapohapo nikaanza kujuta, nikatamani ningekuwa nimegandisha, nikaomba kimoyomoyo asiguse mtu.

Mama Drani alinyoosha kidole kimoja akausukuma mzinga. Kichwa kikazunguka, laini, bila sauti. Mzinga ukaenda pembeni. Kwa ukucha wake akainua kifuniko cha dereva kikafunguka, na mle ndani kikaonekana kile kiti cha bati. Uwanjani walikuwa wamefunga bao, maana dunia yote ilikuwa inapiga kelele wakati ule. Alingoja kelele zipungue.

"Ndani hapakuwa na kitu ya kuzungusha?" aliuliza.

"Ilikuwa," Taban alisema.

"Mara ngapi?"

"Kumi na tano, mama."

"Na wewe ulizungusha ngapi?"

"Nne."

Sikumbuki nani alianza. Kiti cha mzee mmoja kilimpata Taban kwenye taya, na mlio wake niliujua, ulikuwa ule ule wa mzinga wangu kuvunjika, lakini mkubwa. Wale vijana walimwangusha, wakamkanyaga uso, mdogo wao akachukua ule msumari uliokuwa umeanguka na sitasema alichofanya nao, jicho lenyewe lilisema kwa miaka iliyofuata. Nilijirusha juu yao nikimuuma mmoja mkononi hadi nikaonja damu. Nilipigwa teke la tumbo nikatupwa ukutani. Taban hakujikinga. Mikono yake ilikuwa imelala ubavuni, na ule wa kulia, nakumbuka kwa sababu nilishangaa, haukuwa unatetemeka. Mama Drani alibaki ameketi amekumbatia kifaru mpaka alipoona wanaelekea kummaliza. Ndipo aliposema, "Wacheni. Sasa najua," na wakaacha. Wazee walitangaza palepale kwamba damu iliyotoka imetosha, na hakuna atakayemfuata mwenzake tena. Kifaru kilibaki kwake. Hakuna aliyethubutu kukiomba.

Taban aliishi, na hakunipiga tena, hata siku moja. Sikujua kama amebadilika au ameishiwa. Taya halikurudi sawa, kwa hiyo niliolewa karibu ili niweze kumpikia. Miaka yote hii nilimpondea nyama, nilimkamulia maembe, nilimwongoza upande wa jicho lililokufa tukivuka barabara. Watu walinisifu. Wakisimulia kisa kile mbele yetu, alikuwa akisema tu kwamba ile gundi ya Koboko ilikuwa mbovu. Aliisingizia gundi zaidi ya miaka thelathini, na mimi nikakaa kimya, nikiponda nyama. Kila bakuli lilikuwa ni kuomba msamaha, na kila bakuli lilinishinda. Mwezi uliopita, akiwa hoi, nilimwinamia nikamwambia, kaka, ile gundi. Akanikatiza, akaomba maji.

Hayo yote yalinipitia pale mkekani huku Ayikoru akinywa chai. Alisema mama yake alifariki mwaka jana, kifaru kikabaki kwake, na aliposikia tangazo la msiba wetu redioni aliona akirudishe. Nikamwambia, kwa sauti ndogo, ili angalau mtu mmoja ajue, kwamba gundi haikuwa mbovu. Sikuitia kabisa. Mimi ndiye niliyemponza kaka yangu.

Ayikoru aliweka kikombe chini. "Alijua," alisema. "Siku ile mimi ndiyo nilipeleka maji ya kunawa. Alikuwa anachuchumaa nyuma ya ghala, kitu hii iko kwa mkono. Alikuwa nazungusha kichwa yake na kidole, kidogo kidogo, na nahesabu. Mimi nilisimama na maji. Alifika kumi na tano. Halafu alirudisha mzinga vile ilikuwa, akanawa, akaingia."

Nilikasirika. Najua ingependeza kusema nililia au nilitulia, lakini nilikasirika hata masikio yakaziba. Alijua, na bado alikwenda kukiweka mapajani mwa yule mama. Kisha akarudi nyumbani akaniacha nipike, niponde, nikamue, nijihukumu kila mlo kwa kosa ambalo alikuwa amelichukua mwenyewe kwa hiari yake kule nyuma ya ghala, kabla halijamponza. Neno moja lingetosha. Kwa ile midomo iliyopinda angeweza kulisema hata vibaya.

Katekista alituita kaburini. Zamu yangu ilipofika sikuchukua udongo kwa ncha za vidole kama wenzangu. Nilichota kwa mikono miwili nikamtupia kwa nguvu zangu zote, ukapiga mbao kwa kishindo, nikachota tena nikatupa tena, hadi mpwa wangu akanishika kiunoni akidhani nataka kuanguka. Niliporudi mkekani kifaru kilikuwa palepale kando ya birika. Niliusukuma mzinga pembeni, nikainua kifuniko cha dereva kwa ukucha. Kiti cha bati bado kilikuwemo, kimeshika kutu. Nilikiacha wazi hivyo hivyo, nikakifunika kwa kitenge, nikamwambia Ayikoru akirudishe Onduparaka, kwao Drani, kwa mwenyewe.